Balbu ya Sita

Machi 4

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima huko dukani kwenu. Sisi hatujambo, na mama hajambo kabisa, tena amezidi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tukianza hatumalizi bila kugombana.

Boksi lako la balbu za LED limefika, zote sita nzima. Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Mama, yule aliyekuwa akituzimia taa tukiwa bado tunakula, sasa anaiacha ya sebuleni ikiwaka mchana kweupe ili jirani aione. "Gusa," anamwambia, "haiunguzi! Inakula umeme kidogo kuliko mgonjwa anavyokula chakula! Mwanangu kaleta." Mwanangu ni wewe. Mimi ninayenunua umeme wa nyumba hii mwaka wa tisa sasa, sijui ni nani wake.

Haya, umeme wa wiki tatu sasa unafika mwezi. Nakiri. Lakini roho imeniuma, nikamwambia mbele ya jirani kwamba juu ya cherehani yangu nisiwekewe. Balbu yangu ya zamani inanitosha.

Dada yako

Machi 19

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi mzima, ni miguu tu inauma kwa kusimama kaunta. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akanishangaa. Kumbe mama bado ana vituko!

Lakini na wewe jamani, hiyo balbu yako inatoa joto kuliko mwanga. Umeme wote huo unaununua ili utoke jasho? Ile kubwa ya sita mmeiweka wapi?

Mdogo wako

Aprili 2

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo.

Unauliza ya sita kana kwamba hujui. Mama kaifunga kitambaa kaiweka kabatini. Nilipomuuliza akasema, "Iache, ina mwenyewe." Mwenyewe nani kama si wewe? Chumba chako kitupu kinatunziwa taa, na mimi nashona kwenye chumba kisicho na dirisha! Ndiyo, ni wivu, na sioni haya kuusema.

Basi nimeichukua nikampa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Bure. Ukija utalala gizani.

Dada yako

Aprili 15

Dada,

Shikamoo. Habari sikuulizi leo, nimekasirika.

Mama alinipigia simu mwezi wa kwanza. Alikuona umeshona gauni la bluu kwa uzi mweusi, ukalifumua lote kimya kimya, pua karibu iguse sindano. Akaniambia, "Hapo dukani tafuta balbu ya kumwokoa macho mwenzio." Moja tu. Zile tano niliongeza mimi, usije ukajua umeombewa, maana nakujua ungekataa. Ukakataa vilevile, mbele ya jirani, basi mama alikuwa anangoja upoe ndipo akuwekee.

Na nikwambie jingine. Simu nzima hakuniuliza hata kama nimekula. Ilikuwa wewe mwanzo mwisho. Unadhani mwenye wivu ni wewe peke yako?

Mdogo wako

Aprili 27

Mdogo wangu,

Natumaini hasira imepungua. Barua yako niliisomea mlangoni, nikavuka barabara na ndala za bafuni. Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Nikapanda kiti, nikaichomoa, nikamwachia ile yangu ya zamani. Mteja kabaki nusu kanyolewa nusu bado, ananiuliza kosa lake ni nini. Kinyozi mpaka leo hanisalimii.

Mama hakuuliza ilikokuwa. Alinishikia kigoda kwa mikono yote miwili. Ilipowaka, niliutia uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, nikalia. Usimwambie.

Jirani naye akaingia, mkono tayari juu. Mama akauzuia. "Hiyo usiguse," akasema. "Hiyo ni ya mwanangu."

Na wewe huko, umekula?

Dada yako