Amin ya Ufuta Rangers

Nachingwea,
Jumapili, mwezi wa Septemba.

Kwako ndugu yangu Mwalimu Teofili,

Nakusalimu wewe, nawasalimu wote wa nyumbani kwako hapo Ruangwa, pamoja na yule jirani anayekusomea barua siku macho yanapokugomea. Hii naomba uisome mwenyewe, hata ikikuchukua siku nzima. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa kama ninayeandikia darasa la kwanza. Simu nimejaribu, lakini masikio yako na pumzi zangu havielewani tena. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu wako ukanieleza habari za mbaazi.

Wewe na mimi tulifundisha watoto kwa miaka mingi kwamba mwandishi wa barua huanza kwa kusema yeye ni mzima, wasiwasi wake ni kwa anayemwandikia. Leo kanuni yetu nitaivunja. Mimi si mzima. Moyo umechoka, miguu imevimba, na usiku nalala nimekaa kwa sababu nikijinyoosha pumzi hainitoshi. Daktari alizungumza nami kwa upole sana, na wewe unajua daktari akianza kuwa mpole maana yake nini. Binti yangu Hadija anapiga simu kutoka Dar es Salaam kila anapoweza. Ana watoto na kazi, simlaumu. Rabia, jirani yangu, ananiletea uji asubuhi. Baada ya uji nyumba inakuwa yangu peke yangu mpaka asubuhi nyingine. Usinihurumie lakini. Sikuandika kwa ajili hiyo.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wako, Fidelis, kipa wetu. Najua tangu ile mechi hamsemezani. Najua ulimtaka aape kwa Biblia kwamba hakuwaachia watu wa Ruangwa goli, naye akakujibu kwamba neno lake tupu lilikutosha tangu akiwa mdogo, kisha akakata simu. Siku ya pili yake ukanipigia mimi. Ulitaka jibu fupi la mtu aliyesoma: je, ishara ya msalaba inaweza kuharibu dua ya Waislamu? Nikakujibu kwamba mpira ndivyo ulivyo, tumwachie Mungu. Lilikuwa jibu jepesi, Teofili. Jibu lenyewe nilikuwa nalo, nikalificha.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe uliona upande wa Ruangwa tu.

Siku ile shehe wetu alikuwa Lindi kwenye msiba. Asubuhi akaja Ashraf, yule fundi seremala ambaye sasa ndiye kocha wa Ufuta Rangers, akiwa na vijana wawili na kiti cha plastiki. Akasema wananihitaji uwanjani niwatilie dua kabla hawajapanda gari. Nikamwambia mimi mgonjwa. Akasema, dua yenyewe fupi tu, mwalimu, mambo mengine kamati ya ufundi imeshayamaliza. Nikamuuliza mambo gani hayo. Akacheka, akasema mambo ya ufundi ni ya ufundi. Wewe umecheza mpira, unaijua kamati hiyo na unajua usiku inakwenda kugonga mlango wa nani. Niliudhika. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kutoka kwa mganga usiku akaja kwa Mungu asubuhi kama anayebadilisha spana. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba Ruangwa nao wanafanya hivyo hivyo, sasa wao waende mikono mitupu?

Nilikwenda. Nikisema nilikwenda kwa kuwahurumia nitakuwa ninakudanganya. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa siku nyingi hakuna mtu aliyenihitaji kwa lolote.

Walinipandisha pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma akinishika nisianguke, wakaniweka kwenye kiti changu katikati ya uwanja. Lile Fuso la kuwapeleka Ruangwa lilikuwa linanguruma pembeni. Wachezaji wakafanya duara, nyuma yao wakasimama bodaboda, akina mama wa sokoni, wanafunzi wetu wa zamani wenye mvi sasa, watu ambao tangu tumzike mke wangu Mwanaima sikuwaona wamekusanyika mbele yangu. Wote wakainua mikono. Nikaomba kwa Kiarabu, kama kawaida yetu, na kila nilipotua pumzi wakaitikia amin. Sauti ile ilinipita kifuani, ndugu yangu. Fidelis alisimama na wenzake, ameinamisha kichwa, glavu kwapani. Nilipomaliza akafanya ishara ya msalaba, kama anavyofanya kila siku. Mwaka jana walipochukua kombe alifanya vilevile, na wenzake Waislamu wakawa wanamwigiza kwa utani, hakuna aliyesema neno.

Mechi uliiona. Bila kwa bila mpaka mwishoni, halafu ile penalti. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikisubiri. Fuso likarudi usiku bila nyimbo.

Asubuhi kwenye kahawa walikuwa wamekwisha kupata sababu. Hakuna aliyesema kwamba washambuliaji wetu walikosa mabao ya wazi, wala kwamba beki alishika mpira kwa mkono mchana kweupe. Walisema msalaba umekata dua. Mwingine akakumbusha kwamba babu yake kipa anakaa Ruangwa, na hapo wakaridhika. Jioni Ashraf na wenzake wawili walikuja kwangu kuthibitisha. Ashraf akaniuliza, mwalimu, yawezekana ile dua haikufika? Nikawaambia Mungu ndiye anayejua. Wakatazamana, wakanishukuru, wakaondoka. Niliwaona walivyotazamana. Nilijua wanakwenda kufanya nini, na sikuwaita. Usiku uleule walimnyang'anya Fidelis glavu.

Sasa sikiliza jambo ambalo yeye hakukwambia. Zamani akitoka gereji anakotengeneza pikipiki alikuwa anakwenda mazoezini moja kwa moja. Baada ya kufukuzwa hakuwa na pa kwenda jioni. Kule kwenye kahawa wanamzomea, na wewe humpigii. Akaanza kupita kwangu. Siku ya kwanza alisema amekuja kunisalimia kwa sababu babu yake alimwagiza tangu zamani asinipite. Siku ya pili akachemsha maji, akaniosha miguu. Mtu mzima mwenye mikono ya grisi, ananiosha miguu na huku ananisimulia habari za ligi kana kwamba mimi najua hata mchezaji mmoja. Akawa anakuja kila jioni. Anapika ugali, tunakula, ananisaidia kupanga mito nikae vizuri, anaondoka nikiwa nimesinzia.

Jioni moja akaniuliza, mwalimu, hivi Mungu ana timu? Nikamjibu kwa urefu kama tulivyokuwa tunajibu darasani tukiwa hatujui. Nikamwambia Mungu anatazama nia, na bidii, na kwamba pande zote mbili zinaomba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, basi mimi nia yangu ilikuwa na kosa gani? Nikajifanya nimepitiwa na usingizi.

Teofili, nakuomba ukae vizuri hapo ulipo. Nitakwambia nilichoomba siku ile.

Nilianza dua sawasawa, kwa sifa na rehema kama inavyotakiwa. Nilipofika pa kuwaombea ushindi, nikafungua macho nikaiona ile mikono yote iliyoinuliwa. Nikakumbuka kwamba shehe hayupo, na hapo uwanjani hakuna mwingine anayeelewa Kiarabu ninachokisema. Sikupanga. Ulimi ukanigeuka. Nilisema, Mola wangu, usiniache nife peke yangu, niletee mtu wa kukaa nami. Uwanja mzima ukaitikia amin. Nikairudia kwa maneno mengine, wakaitikia tena, kwa nguvu, wakidhani wanaomba magoli. Ushindi sikuutaja hata mara moja. Umati ule ulinipa amin yake kwa ajili ya timu, na mimi nikaichukua kwa ajili yangu.

Kwa hiyo mjukuu wako hakukata dua yoyote. Dua ya Ufuta Rangers haikuombwa. Alichafuliwa jina kwa jambo ambalo halikuwapo, na mtu pekee aliyelijua alikuwa anaoshwa miguu naye.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza mpaka leo. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye ilikuwa mbaya kuliko aibu. Nilijua siku nitakayosema ukweli atarudishwa golini, na akirudi golini jioni zake hazitakuwa zangu tena. Ninakwambia bila kupunguza, nilihesabu hivyo, nikanyamaza, nikala ugali wake.

Na kuna swali ambalo sina jibu lake, mimi niliyesoma madrasa na chuo cha ualimu. Nilimwombea Mwanaima uhai kwa machozi, peke yangu, akafa. Watu wakanifariji kwamba ni mipango ya Mungu, nikakubali, na mimi nimewafariji wengine wengi kwa maneno hayohayo. Lakini dua ile ya wizi ilijibiwa ndani ya wiki. Je, Mungu alinijibu kwa kumdhulumu kijana asiye na kosa? Sitaki kuamini hivyo. Au hakunijibu kabisa, na Fidelis alikuja kwa sababu tu ana moyo mwema na mimi nilikuwa njiani kwake? Kama ni hivyo, zile dua zangu zote za nyuma zilikwenda wapi? Wale wa kwenye kahawa nilikuwa nawacheka kwa kutaka sababu moja nyepesi ya kufungwa. Usiku nimekaa hapa kwenye mito nikitafuta sababu moja nyepesi kama wao, na sijaipata.

Ijumaa iliyopita nilimwomba Rabia anitafutie pikipiki, nikaenda msikitini. Baada ya sala nikaomba nafasi, nikasema yote mbele ya watu. Nilitegemea wanikasirikie. Wengine walinitazama kwa huruma, nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba mzee homa imempanda. Shehe alinishika mkono akaniambia nitubu, nami nimetubu. Ashraf ndiye aliyekuwa mkweli. Alisema, sawa mwalimu, kipa tutamrudisha, lakini safari ijayo dua utie kwa Kiswahili, tujue tunaitikia nini. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kuacha kulia.

Fidelis nilimwambia mwenyewe jioni ile, kabla hajasikia mitaani. Alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua. Nilipomaliza akaifudikiza kwenye kichanja, akajifuta mikono, akasema, "Mwalimu, niliruka kushoto, mpira ukaenda kulia. Hakuna kingine." Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Sikujua kusikia huko kulikuwa na maana gani, na sikuthubutu kumuuliza. Akaniwekea maji karibu, akapanga mito, akatoka bila kusema tutaonana kesho. Tangu siku hiyo hajaja.

Nina maombi mawili kwako, na haya nayasema kwa Kiswahili.

Mpigie. Usimwambie aape. Usianze na habari ya mpira, muulize kama amekula, yatakayofuata yatafuata. Yeye ni mkaidi kama wewe na hatakupigia kwanza, lakini kila alipokuwa hapa simu yake ikilia alikuwa anaitazama haraka, halafu anairudisha mfukoni. Usimwache aendelee kuitazama hivyo.

La pili ni gumu kwangu. Nakujua, ukimaliza barua hii utataka kumwamuru aje kunitunza, kwa sababu mimi ni rafiki yako na ninakufa. Nakuomba usimwamuru. Wala usimwambie kwamba nimekuandikia habari zake. Jioni zile nilizipata kwa njia isiyo halali, na sitaki nyingine za namna hiyo. Akija, aje mwenyewe. Asipokuja ni haki yake, na asije akasikia kutoka kwa mtu yeyote kwamba alikosea.

Sasa hivi ni alasiri na wako mazoezini. Upepo unatoka upande wa uwanja na mlango nimeuacha wazi. Nawasikia wanavyoita, "Fide, toka! Fide, wako huo!" Sauti yake mwenyewe inawapangia mabeki, kubwa kuliko zote, na hapa nyumbani hakuna mwingine wa kuisikia. Nitakaa hapa mlangoni mpaka wamalize.

Wasalimie wanao na wakwe zako. Msalimie na huyo jirani msomaji, mwambie safari hii nimemnyima kazi. Mungu wako na wangu akuhifadhi, akupe macho ya kumaliza ukurasa huu, na anisamehe mimi kwa ile amin ya watu wengine.

Ni mimi mwalimu mwenzako,
Habibu Mikidadi