Kaburi Lisilo na Mtu

Rosettenville, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimia kwa magoti yote mawili, maana najua lako moja halipigiki tena. Linaendeleaje? Mdogo wangu Neema ameniambia ulipanda mlimani ukarudi na mzigo wa kuni kichwani, na kwamba ulimkataza asiniambie. Basi nimeshaambiwa. Mama, kuni si zinauzwa mpaka mlangoni! Sisi huku tuko salama. Mjukuu wako Grâce amekua, miguu imevishinda viatu, na mdomo umeishinda miguu. Nikimtuma maji kwa Kiswahili, maji yanakuja, lakini jibu linatoka kwa Kizulu. Juzi kasema anataka kuja Uvira kumwona “gogo” wake, ndivyo wanavyomwita bibi huku. Nikamwambia bibi yako si gogo, gogo ni lile analobeba kichwani.

Uliniuliza kwenye simu ule mji wa Ulaya ukoje, nikasema “mzuri”, simu ikakatika. Nimeona bora niandike, kwa sababu nina jambo la kukuambia na sitaki likatike katikati. Mama Zawadi anayeongoza kwaya yetu anakwenda Bujumbura kumwona dada yake. Atavuka mpaka akuletee barua hii mkononi, pamoja na mzigo. Mzigo usiufungue kwanza. Najua umeshaufungua, lakini soma kwanza.

Kama nilivyokuambia, kwaya yetu ilialikwa Austria, kwenye mkutano wa kwaya katika mji unaoitwa Innsbruck. Waliotualika ndio waliotugharamia. Tulipomaliza kuimba, wakatuachia siku moja ya kutembea. Mama, nilitoka nje ya nyumba ya wageni nikasimama, nikasema, jamani, hapa si Uvira? Usicheke. Milima imeusimamia mji mgongoni, ukiinua uso tu unakutana nayo, vile vile inavyotusimamia sisi mtaani Mulongwe. Na mto unapita hapo hapo, una haraka zake. Ila milima yao juu ni theluji, na sijui kama mto wao nao ukifurika huingia sebuleni kwa watu. Baridi ndiyo sisemi. Nilivaa vikwembe viwili juu ya koti na bado meno yaligongana.

Nyumba zao za zamani wamezipaka rangi ya waridi, ya njano, ya kijani, utafikiri majora ya vitambaa kwenye maduka ya Fordsburg. Tukapelekwa kuona paa la dhahabu, ambalo watu hutoka nchi za mbali kuja kulitazama. Kumbe ni kipaa cha kibaraza! Vigae vinang'aa kweli, lakini mkisimama chini yake watu kumi, wa kumi na moja analoa. Mama Zawadi alishika kiuno. “Eish, tumekaa kwenye ndege usiku mzima kuja kuona kibaraza?” Tulicheka mpaka mwenyeji wetu akauliza tunacheka nini, tukamwambia tumefurahi.

Kutoka hapo tukaingia kanisa moja la zamani, na hapa ndipo penye neno langu. Katikati ya kanisa kuna kaburi kubwa la mawe, limezungushiwa chuma, na juu yake mfalme wao wa kale amepiga magoti. Pande zote mbili wamesimama watu wa shaba nyeusi, warefu kupita binadamu, wanaume kwa wanawake. Ni mababu zake, mabibi zake, wakeze na ndugu zake. Wengine wameinua mkono ili kushika mishumaa. Nguo za wale wanawake, Mama! Marinda yameanguka yenyewe, mikono ina maua, mpaka mishono unaiona, na yote ni shaba. Nilizunguka nyuma kutafuta wamefungia wapi. Kuna mwanaume mmoja wageni wamemshika sana mahali fulani mpaka pameng'aa, lakini hapo siandiki, maana barua hii itasomwa na Neema.

Sasa sisi tungefanyaje? Ndugu wamesimama kilioni, maiti yupo, halafu upite tu na mkoba begani kama uko sokoni? Nilivua viatu. Nikajifunika kikwembe, nikaketi chini kwenye mawe, nikawapa pole wale akina mama wa shaba mmoja mmoja. Mama Zawadi akaketi kando yangu, na wenzetu wawili wakafuata. Akaanza kwa sauti ya chini ule wimbo unaoimbwa mtu akilazwa kaburini, nasi tukapokea. Wageni wengine walitupita kwa kutuzunguka. Mimi nilianza kuimba kwa heshima tu, lakini ulipofika ubeti wa pili nilikuwa namlilia Baba, machozi ya kweli.

Mlinzi wa pale ni mwanamke mtu mzima mwenye funguo kiunoni. Alitungojea tumalize, kisha akaja kuuliza kwa Kiingereza kama kuna mgonjwa.

“Hapana,” nikamwambia, “tunawapa pole wafiwa.”

“Mnamlilia nani?”

“Mwenye kaburi.”

Akatutazama sana. “Hayumo,” akasema. “Hajawahi kuwamo. Yeye alizikwa mji mwingine, mbali na hapa.”

“Yesu wangu!” Mama Zawadi aliruka akitafuta viatu. “Tumelilia jiwe?”

Yule mlinzi alicheka mpaka akajishikilia kwenye chuma. Lakini mimi sikuinuka. Nilimuuliza, sasa hawa wote wanasimama hapa kwa nini? Akasema mfalme mwenyewe alitaka kaburi la namna hii, ndugu zake wote wamsindikize, lakini kumleta hakukuwezekana. Mjukuu wake akalijenga hapa hivyo hivyo. Na moyo wake, akasema, hata hauko na mwili. Waliutoa wakaupeleka nchi nyingine tena, kwenye kaburi la mke wake wa kwanza, kwa sababu alikuwa akimpenda.

Mama, nililia upya. Wewe tangu Baba afariki na kuzikwa huku Johannesburg, umekataa kuvua nguo nyeusi. Ulisema matanga hayaondolewi kaburi likiwa nchi ya watu, na utavua siku utakapomwona mumeo amelala Mulongwe. Sigombani na wewe. Kumsafirisha hatukuweza, hilo unalijua, na wewe kuja huku goti haliruhusu. Lakini miaka inakwenda. Huimbi tena, wewe uliyenifundisha kuimba. Hukanyagi arusini kwa mtu. Neema ana mchumba anayemngoja kwa adabu, kwa sababu hawawezi kupiga ngoma kwenye nyumba yenye matanga, na mdogo wangu hatakuambia neno hata azeeke humo ndani. Basi nakuambia mimi niliye mbali, usiyeweza kunifikia kwa mwiko.

Kama mfalme na mali zake zote alishindikana kusafirishwa, na wajukuu wakamjengea kaburi nyumbani bila yeye, na watu mpaka leo wanaingia kimya, sisi tunaogopa nini? Ndani ya mzigo kuna lile koti la Baba la ulinzi, alilokuwa akivaa kwenye maduka ya Newtown. Halijafuliwa tangu siku ya mwisho. Linuseni kwanza, kisha lizikeni chini ya ukuta, upande unaotazama ziwa, pale alipokuwa akisema atajenga. Baba mkubwa aombe, majirani waje waketi chini, muimbe. Hapo matanga yatakuwa yameondolewa, na mwili tutautunza sisi huku. Grâce na mimi tunakwenda kufyeka majani kila mwezi, na mtoto humwamkia babu yake kwa Kiswahili. Hapo tu ndipo Kiswahili kinamtoka.

Chini ya koti kuna gauni. Kitambaa ni cha bluu, si cheusi. Marinda ya mgongoni nimeyaiba kwa bibi mmoja wa shaba, mwambie fundi wako wa Mulongwe asijaribu kuyaiga. Ni la kuvaa koti likishalala.

Nisalimie Baba mkubwa, mwambie dawa ya macho inakuja na mzigo huu. Shangazi aliyenilea, umkumbatie mpaka akusukume. Neema asimalize karanga zote peke yake, na mchumba wake mwambie shemeji yake anamsalimu na anamtazama.

La mwisho. Ukilikunjua koti utaona mfuko wa ndani, ule wa kushoto alimokuwa akiweka picha yako, haupo. Usidhani ni panya. Nimeukata mimi, nikaushona ndani ya gauni lako, upande huo huo.

Mwanao wa kwanza,
Riziki