Maziwa ya Chui wa Matai

Jumatatu, 3 Juni
Uji wa ulezi. Vidonge viwili. Kikohozi. Upepo wa Malangali unapenya hadi mifupani. Binti yangu Yusta kanifunika miguu kwa ile ngozi ya chui. Nikaipiga teke. Haikufika mbali.

Jumatano, 5 Juni
Wanajumuiya wa kanisani walikuja kuniombea. Wakaanza tena: Mwalimu Chui, aliyeiokoa shule kule Matai. Wamepanga na Yusta ngozi ilazwe juu ya jeneza langu. Hakuna aliyeniuliza. Niliitikia sala huku nikiwachukia wote.

Alhamisi, 6 Juni
Niandike kabla mkono haujagoma.
Mwisho wa masika, miaka arobaini iliyopita. Darasa la sita tunakata nyasi za kufukia kwenye matuta ya shamba la shule. Mwambani tukamkuta mtoto wa chui, peke yake, kimya. Nikawatangazia wanafunzi kwamba mama yake amemtupa. Nikambeba.
Mjinga mwenye chaki. Chui hatupi mtoto. Humficha, akaenda kuwinda, hata kutwa nzima. Huwahamisha mmoja mmoja kwa meno, harufu isije ikawaita fisi. Mama huyu alikuwa amekwisha kumhamisha wa kwanza. Alikuwa njiani kumfuata wa pili. Mimi nikamtangulia.

Jumamosi, 8 Juni
Mama chui alikuja kesho yake, mchana. Hakumgusa mwanafunzi hata mmoja. Alizunguka stoo tulimomfungia mwanawe, akakwaruza mlango. Nikachukua gobore la mlinzi, nikampiga kupitia dirishani.
Tulipomchuna, matiti yalitoa maziwa. Yalinitiririkia mikononi. Kina mama wakapiga vigelegele.
Mtoto alikataa maziwa ya ng'ombe, akafa. Yule mwingine sikwenda kumtafuta. Nilijua yupo. Nilikaa nyumbani nikila sifa.

Jumapili, 9 Juni
Nimemwambia Yusta yote. Nilitaka anitukane. Akaendelea kukunja nguo, kisha akasema taratibu:
"Baba, nilipomwacha mwanangu Neema kwa jirani kule Milanzi nikauze maharage, uliniita chui, mtupa mtoto. Mbele ya mume wangu."
Nimekumbuka. Nilisema hivyo, kwa sauti ileile ya darasani.
"Nilikuwa nawahi kurudi kumnyonyesha," akasema.
Ningekuwa na nguvu ningejizaba kofi.

Jumanne, 11 Juni
Yusta ameizika ngozi nyuma ya nyumba, ndani ya tuta, pamoja na nyasi. Wanajumuiya atawaeleza mwenyewe, nimemruhusu. Amenifunika shuka tu. Miguu ina baridi. Sijamwita.