Mama Kaingia Jikoni kwa Wachina

Natalia, niko kwenye gari hapa Carrollton, nimeshindwa hata kuliwasha. Mgahawa ule wa Wachina sikanyagi tena!

Tumemaliza kula, mama akakusanya sahani zote akaingia nazo jikoni. JIKONI, Naty! Wahudumu wamebaki wanakodoa macho.

Namfuata mbio, namkuta kajifunga khanga, anamenya vitunguu swaumu na bibi mmoja wa Kichina. Hakuna anayeelewa lugha ya mwenzake, na wanacheka!

Nikamwambia, "Mama, unaniaibisha. Hapa mtu akishakula anaondoka."

Hata hakuinua macho. "Yasinta, mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi kwako huu mwezi wa tatu, hata mwiko hujaniachia."

Nimerudi garini, Naty. Bado anamenya.