Dresa wa Makambako

Makambako,
9 Februari 1952

Mke wangu Mama Noela,

Leo ni wiki ya tatu tangu niondoke Matamba. Pokea salamu zangu, wewe na mtoto. Mimi mzima, ila mgongo unauma na usingizi ni mchache. Ninyi hamjambo? Kikohozi cha Noela kimekwisha?

Usishangae kuona barua inatoka Makambako. Sikufika Tanga. Hapa kambini sisi manamba wa mkonge tulivuliwa nguo, tukapangwa mstari, daktari akatusikiliza vifua. Mimi nikaambiwa moyo wangu hauendi sawa, mkonge utaniua, nirudi nyumbani. Nilikaa chini palepale. Ndipo Filemoni, dresa wa kambi, yule anayefunga vidonda na kutoa dawa, Mbena wa Njombe, akauliza nani anajua kusoma. Nikasema mimi, darasa la nne. Akasema, "Njoo kwenye nyumba ya wagonjwa. Msaidizi wangu amekimbia." Sikuuliza alikimbia nini. Sasa najua.

Siku ya kwanza nilishika beseni wakati Filemoni anapasua mguu wa mtu uliooza. Nikatoka nje nikatapika. Akaniita kwa sauti, "Ukimaliza huko, rudi na maji ya moto!" Siku nyingine kijana Mpangwa wa Liganga alifia mikononi mwangu. Alikuwa ameshika shati langu akiniuliza kama lori limeshaondoka. Nikamfunga taya kwa kitambaa. Kengele ikalia, tukaenda kula, na mimi nikala. Hilo ndilo linalonishtua, Mama Noela. Kwamba nilikula.

Lakini yuko mzee aliyeletwa amebebwa kwa machela, juzi ameondoka kwa miguu yake. Alikuwa ananiita baba, na ndevu zake nyeupe. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyekunywa pombe. Manamba wenzangu wao wananitania, "Yaya! Yaya, njoo unioshe na mimi!" Waache. Kesho wanaugua.

Mumeo,
Baba Noela


Matamba,
2 Machi 1952

Kwa Baba Noela,

Barua yako imefika, tumeifurahia. Sisi wazima, kikohozi cha mtoto kimekwisha, sasa anapanda juu ya magunia ya viazi na kuruka. Hofu yetu ni wewe na moyo wako.

Pale pa yaya nilicheka peke yangu jikoni. Pale pa kijana wa Liganga nikaiweka barua chini. Unashikaje maiti halafu unashika chakula? Mimi sikulaumu, nauliza tu.

Sasa kuna jambo. Mama ameondoka kwenda Njombe kwa dada Beatrisi, aliyejifungua mapacha. Nilimwambia asubiri mvua ipungue, na kichwa kilikuwa kinamuuma, lakini unajua, ukimkataza Mama ndiyo umemfungulia mlango. Ameteremka kwa miguu hadi Chimala apande lori. Aliondoka kabla barua yako haijafika, kwa hiyo yeye anajua uko Tanga. Beatrisi ameleta habari kwamba hajamwona.

Malori ya Njombe yanapita hapo. Waulize madereva kama wamembeba mama wa Kikinga, mwembamba. Najua wewe huwezi kumtambua, hujawahi kumtazama usoni, na ndivyo inavyotakiwa kwa mkwe. Lakini uliza.

Mkeo,
Mama Noela


Makambako,
14 Machi 1952

Mama Noela,

Salamu zangu leo ni fupi, utanisamehe. Mama yako yupo hapa, yu hai. Lakini keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Barua yako imenikuta tayari najua. Mwishoni mwa Februari dereva mmoja alituletea mama hajitambui, amefungwa kwenye blanketi kati ya magunia. Homa ya matumbo. Hakuna aliyejua jina lake. Bertila, yule mama anayehudumia upande wa wanawake, alikuwa amekwenda kwao msibani. Mimi nikasimama mlangoni. Filemoni akasema, "Unangoja nini? Hapa hakuna mwanamume wala mwanamke, kuna mgonjwa. Shika miguu."

Nilimwosha, Mama Noela. Mwili wote. Siku baada ya siku nilimbadilisha mashuka aliyoyachafua, nikampangusa kwa maji baridi homa ilipopanda, nikamdondoshea maji mdomoni kwa kijiko, nikamgeuza upande huu na huu mgongo usioze. Kila asubuhi nilikuwa nakimbia kumtazama kama anapumua. Nilimpenda, kama mtu anavyompenda mgonjwa wake.

Jumanne homa ikashuka. Akafungua macho, nikampa uji, akameza, akasema kwa Kikinga, kwa sauti iliyokwaruzwa na homa, "Uji wako hauna chumvi."

Nikacheka. "Mama, umefufuka na lawama?"

"Kumbe wewe wa kwetu! Nani amekufundisha kugeuza watu? Mkono wako mwepesi kuliko wa binti zangu."

"Hao binti wako wapi?"

"Mmoja Njombe, ana mapacha. Mwingine Matamba, huyo Jeni. Mume wake amekwenda Tanga kukata mkonge. Mkwe mwenye adabu huyo! Akisikia sauti yangu tu, anarukia shamba la watu. Siku moja alitumbukia mtaroni, mimi nikajifanya sikuona." Akacheka hadi akakohoa.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mgongo asianguke.

Sijui nilimlazaje. Nilijikuta nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye kuni, mikono nimeiweka mbali na mwili kama si yangu. Filemoni akanifuata. Nilipomweleza akakaa kwenye kuni kando yangu. Halafu akasema, "Na kwetu Ubena ni hivyohivyo. Hata mimi ningekimbia. Basi kimbia, ndugu yangu, halafu urudi saa ya kumgeuza."

Nimerudi. Homa imempanda tena na Bertila hajafika, daraja limechukuliwa na maji. Mama yako ananiita "dresa", hajui lolote. Nikimwambia, atainuka aondoke. Na kwa ugonjwa huu utumbo unakuwa kama karatasi iliyolowa, akitembea sasa anakufa. Nisipomwambia, kila siku naongeza. Nifanye nini?

Mumeo


Matamba,
28 Machi 1952

Baba Noela,

Mtoto mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Niliposoma barua yako nilipiga kelele. Baba akaja mbio na jembe mkononi, akidhani Noela ameangukia motoni. Nikamwambia yote kabla sijafikiri. Alikaa chini na jembe lake. Akasema, "Mkwe aliyemvua nguo mama mkwe wake, huyo si mkwe tena."

Nikamwambia, "Baba, alikuwa anakufa."

"Wangemtafuta mwanamke."

"Hapakuwa na mwanamke."

"Mwanamke hakosekani. Kusanya vitu vyako na mtoto, urudi nyumbani."

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa kwa Baba. Anasema atasubiri neno la Mama mwenyewe. Mama akisema ametiwa aibu, ndoa yetu imekwisha. Wazee wengine wawili wamekubaliana naye.

Nakuomba, usimwambie mpaka apone kabisa. Mimi nakushukuru kwa uhai wake, halafu nikifikiria mikono yako nashtuka, halafu nakushukuru tena. Nakwambia kweli kama ulivyoniambia.

Andika upesi.

Mkeo, bado,
Mama Noela


Makambako,
21 Aprili 1952

Mama Noela,

Nawasalimu wewe na Noela, na Baba yako msalimu pia, akubali asikubali. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa sina la kuandika.

Sikumwambia. Aliyesema ni dada yako. Wiki mbili zilizopita alifika na lori kutoka Njombe akimtafuta Mama, pacha mmoja mgongoni. Mimi nilikuwa nimemshikia Mama bakuli. Beatrisi akasimama mlangoni akapaza sauti, "Heee! Shemeji! Wewe si uko Tanga?"

Bakuli likaanguka. Mama alinitazama, mara moja tu. Akavuta blanketi hadi juu ya kichwa. Mimi nikatoka.

Siku ile hakula. Hakunywa. Beatrisi alimbembeleza, Filemoni akamwomba, blanketi halikusogea. Kesho yake vilevile. Filemoni akaniambia wazi, "Akiendelea hivi tunampoteza." Nilikaa kule kwenye kuni nikiwaza kwamba nimemwokoa na homa ili nije kumuua kwa aibu. Kijana wa Liganga sikumlilia. Siku hiyo nililia.

Jioni Beatrisi alijaribu kumgeuza, maana nyonga ilikuwa imeanza kuchubuka na Bertila alikuwa hajarudi bado. Hajui kazi hiyo, alimvuta kama gunia. Mama akapiga yowe. Halafu, Mama Noela, nikasikia sauti yake dirishani, kavu, ile ya lawama.

"Beatrisi! Huko nje yuko mkwe wetu?"

"Yuko, Mama."

"Mwambie aende zake, mbali. Si mahali pake hapa." Akapumzika. "Akishaondoka, niitie yule dresa. Yeye anajua kunigeuza."

Beatrisi alitoka machozi yanamtiririka. Nilikuwa nimesikia. Nikaondoka kweli. Nikashuka hadi barabarani, nikapita nyuma ya kambi, nikaingia kwa mlango wa upande wa pili, nimevaa aproni. Mama alikuwa amefumba macho.

"Dresa, ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Polepole upande wa kushoto. Na huo uji, safari hii tia chumvi."

Nikamgeuza. Akala. Tangu siku ile mpaka alipopona nilimhudumia, na kila nilipoingia alifumba macho kwanza. Hatukusema lolote la nyumbani. Kuhusu wewe hakuuliza hata mara moja, wala Noela, na najua alikuwa na hamu.

Juzi ameondoka na Beatrisi kwenda Njombe, amekaa mbele karibu na dereva. Hakuniaga. Amemwachia Beatrisi maneno ya kumpelekea Baba yako, na mimi nimeyasikia kwa masikio yangu: "Mwambie mzee nimehudumiwa na dresa wa Makambako, mtu wa watu, simjui kwao. Mkwe wangu yuko Tanga. Anayesema vingine aje aniambie mimi." Maneno hayo yatafika kwenu karibu pamoja na barua hii. Baba yako amesema anasubiri neno lake. Hilo ndilo neno.

Kwa hiyo elewa, mke wangu, mimi niko Tanga. Barua zangu zichome, na hii pia. Kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwangu sitaitaja Matamba, na Mama hatanishukuru mpaka tunazikwa. Inauma kidogo. Lakini rudi nyumbani kwetu, washa moto.

Filemoni anataka nibaki, anasema nitajifunza sindano. Nimemwomba ruhusa kwanza. Nitafika katikati ya mwezi wa saba, kwa njia ya Chimala, nimechoka kama mtu aliyekata mkonge. Wakikuuliza, waambie mumeo anatoka Tanga.

Mumeo,
Baba Noela