Micholo ya Pelu

Baba,

Nimeiona. Kazi imenituma kutoka Kitale hadi huku Peru kwa mafunzo ya mbegu za viazi, na Jumamosi nikapanda kindege cha watu sita kwenda kutazama ile michoro ya jangwani uliyoipenda. Walitupima uzito kwanza kama magunia ya mahindi. Rubani akalaza ndege kulia, kisha kushoto, ili kila mtu aone. Tumbili mwenye mkia uliojikunja. Ndege mwenye mdomo mrefu ajabu. Nilitapika, nikapangusa mdomo, nikaendelea kutazama.

Sikufurahi, Baba. Nilikasirika mpaka nikalia.

Unakumbuka siku ya wazazi, nikiwa darasa la sita, nikisoma bweni Kitale? Wewe mwalimu wa jiografia kutoka Lugulu, umevaa koti la harusi yako, umealikwa uongee na darasa letu. Ukasema, "Watoto, kuna micholo mikubwa huko Pelu! Ukisimama chini huoni kitu, mpaka upande juu!" Darasa likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikasimama kukusahihisha: "Ni michoro. Ni Peru."

Hukunigombeza. Si ungenigombeza! Tangu siku hiyo ukawa unanisemesha Kiingereza tu, kile cha pole pole cha ubaoni, hata kuniuliza kama nimekula. Miaka ishirini na miwili. Hata ulipolazwa. Ulikuwa na kinyongo, ama ilikuwa aibu? Hukuniambia, na sasa nitamuuliza nani?

Kwenye mazishi wanafunzi wako wa zamani walisimama mmoja mmoja, wakasimulia vile ulivyokuwa ukiwachekesha kwa Kiswahili mpaka kengele inalia hawataki kutoka. Kumbe kwa wengine uliendelea. Mimi nilikaa mbele na jamaa, nikisikiliza habari za mtu nisiyemjua.

Na bado sijakoma. Mwezi uliopita fundi aliandika "Mwarimu" kwenye msalaba wako. Baba mdogo akanipigia simu: "Si tuwache tu, bana, kila mtu anaelewa." Nikakataa. Nikaamuru ifutwe, iandikwe upya. Hata kaburini nimekusahihisha.

Kiingereza cha yule rubani kilikuwa cha kuokoteza, Baba, kibovu kuliko Kiswahili chako. Hakuna aliyecheka. Tulimtegea masikio kwa sababu tulitaka kuona alichokuwa akituonyesha.

Mama amehamia kwa dada, nyumba yetu ya Kanduyi, ulikozikwa, imefungwa. Lakini Desemba nitakuja. Nitaketi kando ya kaburi lako nikusimulie safari yote, kwa sauti, majirani wakisikia, na kwa matamshi ya kwetu. Atakayecheka acheke. Nakuahidi. Ila wewe, tafadhali, usinijibu kwa Kiingereza.

Rara salama, Baba.