Isale la Jukwaani

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi. Ukungu haujatoka migombani tangu asubuhi. Doris amefika kutoka Dar — binti wa Mathew, mwanangu mdogo. Anasomea maigizo chuo kikuu. Maigizo! Mimi shule sikukanyaga, herufi nilizipata kanisani, lakini kuigiza nilidhani mtu anazaliwa nako. Nimemkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Amekonda kama bua la muhindi. Nimempikia machalari ya ndizi na nyama, akala sahani mbili huku ananifundisha.

Eti mwalimu wao anasema ukitazama huzuni ya mtu wa kuigiza, huzuni yako inasafishika. Nikamwambia nimelia misiba ya ukoo mzima na bado sijasafishika. Akacheka. Akasema wapo wanaobisha: mtazamaji asikae kulia tu, apande jukwaani, aonyeshe yeye angefanyaje. Hao ndio anaowafuata. Jumamosi anaonyesha mchezo ukumbi wa usharika. Ndugu wawili waliokosana.

Mwiko ukaniponyoka. Mtaa mzima utajua ni ndugu gani.

Alhamisi, 10 Julai

Wanangu wawili, kihamba kimoja cha ukoo, na mpakani masale yamesimama kama askari. Grace, mke wa Eliezeri, alipozidiwa, Eliezeri alimpigia mdogo wake alete gari. Mathew ni mwongoza watalii. Akasema wageni wanamsubiri getini, akapanda mlima, simu ikakosa mtandao. Aliposhuka Grace alikuwa ameshazikwa. Tangu hapo Eliezeri hapokei salamu yake. Mwaka wa pili huu.

Kufa siogopi. Naogopa kaburi langu — mmoja amesimama huku, mwingine kule, mchungaji katikati kama refa.

Nimemuuliza tena Mathew kwa nini hapeleki isale. Jani tu hilo la masale ya mpakani! Unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea kumwomba msamaha, naye hana ruhusa ya kulikataa, hata ungekuwa umemuulia mtoto. Ndivyo tulivyolelewa. Mathew ananung'unika, eti na likikataliwa? Halikataliwi, mjinga wewe. Anachoogopa ni kusema, "Nilikosa."

Jioni namkuta Doris anakata isale la karatasi ya manila, analipaka rangi ya kijani. Nikaona aibu kwa niaba ya jani. Nikaenda mpakani, nikamkatia la kweli. Akasita. Akasema jukwaani kitu kinasimama tu badala ya kitu, si lazima kiwe chenyewe. Nikamwambia karatasi yake akafungie maandazi.

Jumamosi, 12 Julai



Ukumbi ulijaa. Vijana wawili wa kwaya wakaigiza. Ndugu mmoja kanyoosha mkono wenye isale langu, mwingine kageuza uso. Doris akausimamisha mchezo, akauliza nani angefanya vingine. Lukresia, jirani yangu, akasema yeye angewachapa wote wawili, watu wakacheka. Mara Eliezeri akasimama. Nadhani alitaka kutuonyesha kwamba aliyekosewa ana haki ya kugeuza uso. Akashika nafasi ya yule kijana aliyegeuza uso.

Ndipo Mathew naye akasimama. Hakuna aliyemwita. Akalichukua isale mkononi mwa kijana wa pili, akapiga goti.

"Kaka, uliniita nikapanda mlima. Nilikosa."

Kwenye mchezo wa Doris hakuna mlima. Ukumbi wote ulisikia.

Eliezeri akalipokea. Kwa mikono miwili! Vigelegele vikapigwa, nami nikalia kama punguani. Labda mwalimu wa Doris anajua kitu.

Jumapili, 13 Julai

Hajui kitu.

Baada ya ibada Mathew alikwenda kwa kaka yake na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Hakukaribishwa. Eliezeri alimwambia hapo hapo mlangoni kwamba jana walikuwa wanaigiza, na kwamba asingeweza kumwaibisha mdogo wake mbele ya mchungaji. Mathew amerudi na kibuyu chake, ameketi jikoni kwangu. Mwanaume ana mvi, analia moshi haupo.

Nikamgeukia Doris. Elimu yako inasemaje? Akajibu polepole. Wapo wanaosema neno la jukwaani halimfungi mtu. Mchezaji akifunga ndoa mbele ya watazamaji, haendi nyumbani na mke.

"Na hao wasemaji, kwao wana isale?" nikamuuliza.

Doris akalia naye. Nikamvuta kifuani, mtoto wa watu ana kosa gani? Angetumia karatasi yake, leo tungekuwa na karatasi. Mimi ndiye niliyekata.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepanda kwa shemeji Melkior, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Kwanza akasema isale lililopokelewa limepokelewa. Kisha akasema, lakini hakukuwa na mjumbe, na halikupelekwa nyumbani. Kisha akasema hajui.

Yeye hajui! Basi nani?

Nimerudi nimelala na viatu.

Jumanne, 15 Julai

Manyunyu tangu alfajiri. Eliezeri amekuja. Shikamoo yake ya chinichini, kama mtoto aliyevunja chungu. Ameshika lile isale, limenyauka, fundo halijafunguliwa. Anasema hawezi kulitupa, na ndani mwake halikai. Halali.

"Mama, ulilikata wewe. Lichukue."

Akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nimemwambia nakwenda kuvaa sweta. Nimejifungia huku chumbani, naandika.

Nikilichukua, nimeuvunja msamaha kwa mkono wangu, na Mathew hatapiga goti tena. Nikilikataa — nani ameshawahi kukataa isale? Mimi niliyewaambia halikataliwi! Na kama ulikuwa mchezo, mwanangu, mbona unalibeba kwa uangalifu hivyo? Ningekuuliza. Naogopa utajibu.

Ee Ruwa, Mungu wetu, hiki kizee ukichukue au ukifundishe.

Namsikia anakohoa. Kifua chake ni kibovu tangu utoto, nilikuwa nalala nimekiegemeza kwangu. Nimempazia sauti aingie anywe uji. Anasema haingii mpaka nilipokee. Doris amechungulia dirishani, ananinong'oneza kwamba Baba mkubwa ameloa, na mikono bado ameinyoosha vilevile.

Sweta nimeshavaa.